Majina Niliyopiga Marufuku

Mimi ni mtu wa hasira za karibu. Nikikasirika nakasirika hapo hapo, nikimaliza nacheka, na mara nyingi ninayemcheka ni mimi mwenyewe. Nasema hivi mapema ili msomaji asinionee huruma nisipostahili. Kosa ninalotaka kulisimulia nililifanya kwa moyo safi kabisa, na makosa ya moyo safi ndiyo yanayochelewa kuonekana, maana mtu anakuwa ameshajipongeza.

Nilikuwa nafundisha gredi ya kwanza Bura, Bura ya Fafi, kaskazini mashariki mwa Kenya, si ile ya ng'ambo ya mto Tana. Nasisitiza kwa sababu dada yangu aliwahi kunitumia karatasi za rangi na gundi kutoka kwetu Taita, mzigo ukaenda Bura ile nyingine, na mpaka leo sijui ni watoto gani walizikata karatasi zangu. Bura yetu ni kituo cha wafugaji: maduka machache, mnada wa mifugo, mikokoteni ya punda yenye mitungi ya maji, na miti ya mathenge inayoota hata mahali ulipoing'oa jana. Watu wa huko wakitaka kusema mtu ametoka pwani au bara husema ametoka Kenya. Wiki yangu ya kwanza mwenye duka aliniuliza nimetoka Kenya lini. Nikamjibu kwamba hapa pia ni Kenya. Akacheka, akanipimia sukari yangu, akaniuliza tena nimetoka Kenya lini.

Darasani nilikuwa na watoto arobaini na kitu, kitu chenyewe kikitegemea mvua. Nyasi zikiota mbali, baadhi yao walifuata mifugo na wazazi wao. Zikikauka walirudi wakiwa warefu zaidi na wamesahau herufi zote isipokuwa ile ya kwanza. Walikuwa watoto wa kufurahisha. Walipenda kelele na walipenda kusaidiana, ingawa walisaidiana kwa kupigana vikumbo, na penseli moja ingeweza kupita mikono kumi kabla ya saa nne.

Kati yao alikuwepo msichana wa miaka saba hivi ambaye mguu wake mmoja ulikuwa mfupi kuliko mwenzake. Alitembea akiinama upande kila hatua, na alikimbia hivyo hivyo, kwa kasi iliyonishangaza. Yeye ndiye aliyepanga foleni ya maji. Yeye ndiye aliyeamua nani awe mfukuzaji katika mchezo wa kukimbizana na nani ametoka. Sauti yake niliisikia kutoka ofisini, na mlango ukiwa umefungwa.

Wenzake walimwita kwa neno moja fupi la Kisomali. Nilidhani ni jina lake la nyumbani, kwa sababu kwenye daftari la mahudhurio wasichana wanne walikuwa na jina moja, lile la binti wa Mtume, na wavulana sita wana jina la Mtume mwenyewe. Nikaona ni kawaida watu kujipunguzia kazi. Siku moja nikamuuliza mwalimu mwenzangu wa gredi ya tatu neno hilo maana yake nini. Alikuwa mwenyeji wa hapo, mtu mfupi mwenye utani mwingi, na ndiye aliyekuwa akinifasiria mambo. Akaniambia bila hata kuinua macho kwenye vitabu alivyokuwa akisahihisha kwamba neno hilo maana yake ni Mguu.

Nilihisi damu ikinipanda kichwani. Nikamuuliza kama nimesikia vizuri, akasema nimesikia vizuri sana. Kisha akanitajia wengine kana kwamba ananifanyia hisani: yule wa dirishani wanamwita Masikio, yule mwembamba wanamwita Kijiti, yule anayeandika kwa mkono wa kushoto wanamwita Kushoto, na mvulana mwenye meno ya mbele yaliyopandana wanamwita Meno. Kumbe muda wote huo nilikuwa nimeketi katikati ya matusi nikitabasamu.

Lazima nieleze kwa nini nilichukia kiasi hicho. Nilipokuwa mdogo, kichwa changu kilikuwa kikubwa kuliko shingo iliyokibeba, na watoto wa jirani waliniita Boga. Nikikaribia mahali wanaporuka kamba, mmoja alitangaza kwamba Boga anakuja, na wote wakakusanya kamba yao wakahamia nyuma ya nyumba nyingine. Nilikua nikijiapiza kwamba siku nitakayokuwa mtu mzima mwenye mamlaka, hata kama ni mamlaka ya chaki tu, hakuna mtoto atakayeitwa kwa kiungo chake mbele yangu.

Basi Jumatatu iliyofuata nikapiga marufuku. Nikawaambia watoto, kwa Kiswahili cha taratibu, kwamba mwili wa mtu haugeuzwi jina, kwamba maneno yanaumiza kama mawe, na kwamba atakayemwita mwenzake kwa mguu au sikio au jino atakaa peke yake kando ya mlango wakati wenzake wanacheza. Walinisikiliza kwa adabu kubwa. Msichana wetu alinitazama, akatazama mguu wake, akanitazama tena.

Kwa kuwa sikutaka kuondoa kitu bila kuweka kingine, niliandaa wiki nzima ya wema. Karatasi za dada yangu zilikuwa zimepotelea Bura ile nyingine, kwa hiyo nilizunguka madukani nikaomba maboksi ya tambi na biskuti. Nyuzi tulizichomoa kwenye magunia ya mchele. Gundi niliipika kwa unga wa ngano. Rangi walileta watoto wenyewe: mkaa, na hina waliyoomba kwa mama zao, mpaka vidole vyangu vikawa vya rangi ya kahawia kama vya bibi harusi. Kazi ilikuwa hii: kila mtoto apewe mwenzake kwa kura, amtazame vizuri, aseme kitu kizuri juu yake, kisha amtengenezee taji la katoni lenye jina jipya la kupendeza.

Sijawahi kucheka kazini kama nilivyocheka wiki ile. Nilitarajia wasemane kuwa wapole na wakarimu. Mmoja akasema mwenzake ni mzuri kwa sababu baba yake ana ngamia wengi. Mwingine akasema huyu wangu anaweza kutema mate yakavuka ukuta. Mwingine alimtazama mwenzake muda mrefu mno, akafikiri, akasema hajaona kitu, aongezewe muda. Alasiri moja tuliyaanika mataji juani ili gundi ikauke, mbuzi wakanusa unga, na tulipotoka tukakuta wanatafuna mataji saba. Tuliwafukuza kijiji kizima, watoto arobaini na mwalimu mmoja aliyeshika sketi, na mbuzi wa mbele alikuwa amevaa taji shingoni.

Majina mapya niliyatoa mimi, kwa sababu yao yalikuwa yakirudi kwenye meno na masikio. Nyota, Lulu, Asali, Tumaini, Neema, Baraka. Msichana wa mguu nilimpa jina Nyota, na taji lake nililikata mwenyewe, lenye ncha tano. Mwalimu mwenzangu alipopita mlangoni akasoma majina yale ukutani, akashika kiuno, akaniuliza kama nimebatiza darasa zima la Waislamu au nimebakiza wachache. Sikucheka. Akaongeza, sasa bila utani, kwamba ni heri niachane na jambo hili la majina. Nikamjibu kwamba kuna mila nzuri na kuna mila za kuachwa. Alitikisa kichwa akasema kuku mgeni hakosi kamba mguuni, akaenda zake.

Wiki ya pili darasa likawa na utulivu, na mimi mjinga nikaufurahia. Nilimwandikia dada yangu kwa simu kwamba watoto wamebadilika, hawatukanani tena. Ni kweli hawakutukanana. Ilinichukua siku kadhaa kuona kwamba hawakuitana kabisa. Jina la daftarini wakilitaja, wanageuka wanne. Yale ya mataji yaliwashinda ulimi na yaliwachekesha, na mtoto hawezi kupiga kelele ya Tumaini huku anakimbia na mpira unakuja. Wavulana walijifunza kuitana kwa miluzi. Msichana wa mguu ndiye aliyepata hasara kubwa zaidi, kwa kuwa jina lake ndilo nililolitaja kwa mfano nilipokuwa nikitisha, na kila mtoto alijua kwamba kulitamka ni kukalishwa mlangoni. Wakati wa mapumziko nilimwona amesimama katikati ya uwanja, mikono kiunoni, akingoja mtu amwite aje kuamua ugomvi. Watoto walimpita pembeni. Hawakuwa na chuki naye. Walikuwa wananiogopa mimi.

Alhamisi hakuja shule. Ijumaa hakuja. Jumatatu nikauliza, watoto wakatazamana, hakuna aliyejua amtaje vipi.

Jumanne mwalimu mwenzangu akanieleza hali ilivyo. Wazazi wa msichana walikuwa na mifugo upande wa Ijara, na yeye aliachwa Bura kwa bibi yake kwa sababu moja tu, asome. Sasa alikuwa amemwambia bibi yake kwamba shule imekwisha, anataka kwenda kwa mama yake. Lori la kupeleka unga na maji kwa wafugaji lingeondoka Alhamisi asubuhi, na bibi alikuwa ameshamwombea nafasi. Huko aendako hakuna shule ya karibu, na mtoto wa kike akishazoea kuchunga mbuzi si rahisi kumrudisha kwenye dawati. Mwenzangu aliyasema hayo polepole, bila kunilaumu, na hilo lilinichoma zaidi ya lawama. Niliona aibu hata ya kunywa chai yangu.

Alasiri hiyo tulikwenda pamoja nyumbani kwa bibi. Ayeyo, yaani Bibi, kama watoto wote walivyomwita, alikuwa mwanamke mrefu mwenye jicho moja. Lile jingine lilikuwa limefumba tangu utotoni. Alitukaribisha kwenye mkeka, akamimina chai ya maziwa yenye iliki, kisha akanilaumu kwamba nakunywa polepole kana kwamba nimetiliwa sumu. Mjukuu wake alikuwa ndani, nyuma ya pazia la mlango. Niliona vidole vya miguu chini ya pazia, mguu mmoja mbele na mmoja nyuma.

Kabla sijaanza hotuba niliyoiandaa njiani, mwanamke jirani alipita nje ya ua akaita neno fulani kwa sauti ya furaha. Ayeyo akaitikia, wakasalimiana kwa urefu, wakacheka, jirani akaenda. Nikamuuliza mwenzangu yule mama ameita nini. Akasema ameita Jicho.

Nilimgeukia yule bibi, na nadhani mdomo wangu ulikuwa wazi. Mwenzangu, ambaye hakosi fursa, akasema kwamba yeye mwenyewe mji mzima unamwita Mfupi, na kwamba akiitwa kwa jina la kitambulisho hugeuka kumtafuta marehemu babu yake mwenye jina hilo. Nikasema kwamba kumwita mtu kwa upungufu wake ni ukatili. Nikawasimulia habari za Boga, kamba na nyuma ya nyumba. Sikutaka kulia mbele ya watu niliokwenda kuwaomba msamaha, kwa hiyo katikati ya habari nilimeza chai ya moto ili nimalize.

Ayeyo alisikiliza mpaka mwisho. Akaweka kikombe chake chini.

"Hao watoto ya kwenu," akasema, "walikuita ndio uende. Hawa yetu naita yeye ndio akuje. Hiyo si kitu moja, mwalimu."

Nikaweka changu chini pia.

"Mungu nabatia kila mtu kitu," akaendelea kwa Kiswahili chake kisichojua herufi p, akijigusa jicho lililofumba. "Sisi naona, nataja, inakwisha. Ile kitu watu hawataki kutaja, ndio watu naogoba. Sasa wewe umefundisha watoto kuogoba mguu."

Nimehudhuria semina nyingi za ualimu. Hakuna iliyonifundisha kitu kwa haraka kama ile chai. Nilijitetea kidogo, kwa sababu hasira zangu haziondoki bila kubisha hodi mara ya mwisho. Nikamwambia kwamba huenda wapo watoto wasioyapenda majina hayo, na hakuna aliyewauliza. Ayeyo akakubali mara moja. Akasema huko nyuma yeye mwenyewe aliwahi kukataa jina moja, akampiga kiatu aliyemwita hivyo, na jina likakoma siku hiyo. Mtu ana haki ya kukataa. Lakini mimi, akasema, nimewakatalia watoto ambao hawakuniomba.

Nikageukia pazia na kumuuliza mtoto kama angekuja shule kesho. Vidole vilijikunja.

"Huko hakuna mtu ananiita," akasema.

Nikamwambia nitarekebisha. Bibi yake akaniambia wazi kwamba hawezi kumsukuma kwa fimbo. Lori linaondoka Alhamisi, mtoto akitaka kubaki atabaki, asipotaka atapanda. Nilirudi nyumbani nikitembea haraka kuliko mwenzangu, nikijikemea kwa sauti mpaka akaniomba nipunguze kwa sababu watu wanatutazama.

Jumatano niliingia darasani nikawaambia watoto kwamba mwalimu amekosea. Penseli zote zilisimama. Nadhani hawakujua kwamba kitu kama hicho kinawezekana. Nikawaambia nilizuia majina yao bila kuwauliza wenyewe, na leo nitauliza. Tukayageuza mataji ya katoni upande wa pili, ule usioandikwa. Nikakaa chini sakafuni katikati yao na chungu cha hina, na kila mtoto akaja kwa zamu yake kunieleza anataka aitweje. Mimi niliandika, wao wakapamba.

Masikio alitaka Masikio, na akanionya nisimsahau herufi. Kijiti alitaka Kijiti. Kushoto alitaka Kushoto, na akaandika mwenyewe, kwa mkono huo huo. Msichana mmoja, peke yake katika darasa zima, alisema anataka kubaki Asali, na nilimpenda kwa kunihurumia. Kisha akaja yule mvulana mwenye meno yaliyopandana. Alisimama mbele yangu, akafunika mdomo kwa mkono, akasema kwa sauti ndogo kwamba yeye hataki Meno. Hajawahi kulitaka. Nikamuuliza anataka nini. Akasema Dereva, kwa sababu ataendesha lori. Nikawatazama wenzake, nikiogopa kicheko. Masikio akasema sawa, Dereva, na darasa lote likasema Dereva mara moja, kwa kulijaribu, kama watu wanavyojaribu kiatu. Mvulana akaondoa mkono mdomoni. Nikajisikia kwamba kumbe sikuwa mjinga kabisa, nilikuwa mjinga nusu.

Taji moja halikuwa na mwenyewe. Niliwauliza watoto tufanye nini, maana lori linaondoka kesho yake. Niliwaza labda watachora picha ya kumpelekea, au watamtumia bangili ya nyuzi. Asali ndiye aliyetoa wazo, na alilitoa kwa mshangao kidogo, kana kwamba ni mimi niliyepaswa kulijua. Akasema si twende tumwite.

Alhamisi asubuhi, baada ya kuomba ruhusa kwa mwalimu mkuu, tulitoka watoto arobaini na kitu, wote na mataji kichwani, na mwalimu wa gredi ya tatu akatufuata kwa kisingizio cha kulinda usalama barabarani, ingawa barabarani kulikuwa na punda mmoja tu. Lori lilikuwa limeshafika mbele ya ua wa Ayeyo. Vijana walikuwa wakipakia magunia. Dereva wetu aliacha foleni kabisa, akalizunguka lori lile akilikagua magurudumu, na ilibidi nimvute kwa mkono.

Tukasimama nje ya ua wa miba. Sikuhitaji kuwaambia waanze. Waliita wote kwa pamoja, lile neno fupi la Kisomali, kwa nguvu zote za kifua, kama walivyokuwa wakiliita uwanjani kabla sijafika na uungwana wangu. Mguu. Mguu. Mguu. Mbuzi walitawanyika. Vijana wa lori waliacha kupakia wakatazama. Wanawake wa nyumba za jirani walitoka na watoto migongoni. Ayeyo alikuwa ameketi mlangoni na kikombe chake, jicho lake moja likiangaza, akijifanya hatusikii.

Pazia halikusogea. Waliita tena, na tena, mpaka Masikio akapata kwikwi. Mwenye lori akapiga honi. Nilikuwa nimeanza kutafuta maneno ya kuwafariji watoto, wakati sauti ilipotoka ndani, ile sauti niliyoizoea kuisikia kupitia mlango wa ofisi.

"Mwalimu hajaita."

Watoto wote wakanigeukia. Mwenzangu akanigeukia. Vijana wa lori, ambao hawakujua habari yoyote, nao wakanigeukia.

Mtu anaweza kudhani ni jambo dogo. Neno lenyewe nilikuwa nalijua, nilikuwa nimelisikia mara elfu. Lakini nilipolifungulia mdomo, ulimi ukakataa. Nilikuwa nimeishi miaka yangu yote nikiwa upande wa mtu anayeitwa, sijawahi hata mara moja kuwa upande wa anayeita, na niliogopa kwamba likitoka kwangu litakuwa tusi. Nilijaribu, likatoka la chini, la mtu anayeomba chumvi kwa jirani asiyeelewana naye. Watoto wakanitazama kwa huruma. Kushoto akanivuta mkono akanieleza kwamba lazima nitie nguvu mwanzoni, halafu niliachie mwishoni, kama mtu anayetupa jiwe mbali.

Nikavuta pumzi. Nikaita kwa sauti iliyofika mnadani, kwa Kisomali kibovu, lile neno ambalo nilikuwa nimeahidi kulizika. Na nilipoliita nikagundua kwamba ndani yake hamkuwa na mguu wowote. Mlikuwa na mtoto mmoja tu, nisiyetaka aondoke.

Pazia likafunguka. Alikuwa amevaa sare ya shule, mtandio umekaa sawasawa, mfuko wa vitabu mgongoni. Ayeyo aliniambia baadaye kwamba aliamka kabla ya adhana akavaa mwenyewe, bila kuambiwa, akakaa nyuma ya pazia kusubiri. Alitoka akiinama upande kila hatua, akapokea taji lake kutoka kwa Asali, akaligeuza pande zote mbili kulikagua, akaiacha Nyota ndani, akalivaa upande wa hina, walikoandika wenzake lile neno fupi. Watoto walimzunguka wakawa wanasema wote kwa wakati mmoja, na ndani ya dakika moja alikuwa ameshawapanga foleni.

Mimi nilikuwa bado nimesimama kando ya ua nikipangusa macho kwa mkono wenye hina, nikijichafua. Alinipita, akasimama, akanitazama kutoka juu mpaka chini, akaniambia nitembee haraka, tumechelewa.